Chumvi Kwenye Chai ya Posa

"Bujiku, nyanyuka. Tunaondoka."

Sauti ya Mbuke haikuwa kubwa, lakini sebule nzima ya Mzee Liberatus pale Kalenga ilinyamaza. Mwanamke huyo mrefu, mweusi wa kung'aa, alikuwa ameshika kikombe chenye ua jekundu huku amekunja midomo. Akakiweka mezani taratibu, akajifuta kwa ncha ya khanga.

"Dada, kuna nini?" Bujiku akauliza.

"Onja mwenyewe."

Bujiku akaonja. Macho yakamtoka. Kisha, badala ya kukasirika, akawa kama mtu aliyekumbuka jambo, akabana kicheko. Kicheko hicho ndicho kilichomwaga mafuta kwenye moto.

"Unacheka? Chumvi hiyo, Bujiku! Tumetoka Usangu alfajiri, tumekula vumbi mpaka hapa, tumekuja kuomba binti kwa heshima zetu zote, halafu tunapewa chai ya chumvi! Kwetu mtu asipokutaka anakwambia kwa mdomo. Hakutilii kwenye kikombe."

Mshenga wao, Mzee Jailos, akainuka nusu, mikono mbele kama anatuliza ndama.

"Tulia kwanza, mama. Huenda mtoto kakosea kopo. Chumvi na sukari zinafanana."

"Zinafanana kwa mtu asiyejua jiko. Huyu binti si mmetwambia anapika tangu yuko mdogo?"

Hapo ndipo Shangazi Faustina alipoona zamu yake imefika. Huyu ni dada yake Mzee Liberatus, na siku hiyo alikuwa amekalia kiti kikubwa kuliko vyote, kitenge kipya, kilemba kimesimama. Alikuwa anasubiri mkaja, ile nguo anayofungwa mama wa binti kwa kumbeba na kumlea. Mama wa binti alishafariki, upande wake hakuna aliyebaki, kwa hiyo shangazi akajiteua. Kwa kuwa wageni walitoka mbali, wazee walikubaliana posa na mkaja viende safari moja.

"Kama wanataka kuondoka si waondoke," Faustina alisema. "Kwani tuliwafuata sisi huko kwenye ng'ombe zao?"

"Faustina!" Mzee Liberatus akamkaripia.

Neno likishatoka halirudi. Mbuke alikuwa ameshafika mlangoni. Bujiku alimtazama mzee, akamtazama mshenga, akatazama pazia la jikoni ambako alijua mpenzi wake amesimama. Kisha akainamisha kichwa kwa wazee, akamfuata dada yake.

Jikoni, Sabina alimshika mdogo wake Lea mkono.

"Lea, kile kikombe cha ua jekundu ulimpa nani?"

"Bujiku! Kama ulivyoniambia. Nilimpa mkononi kabisa."

"Kimefikaje kwa dada yake?"

"Dada yake alikuwa bado hajapewa. Bujiku akakipokea, akampelekea yeye kwa mikono miwili."

Sabina akakaa juu ya gunia la mahindi.

Sasa nikueleze huyu Sabina ni nani, usije ukamwona ni mwanamke wa mizaha tu. Mama yao alipofariki, Lea alikuwa hajaanza shule na kaka yake Anord alikuwa darasa la pili. Baba alikuwa kazini Mgololo, kwenye kiwanda cha karatasi, nyumbani anaonekana mwisho wa mwezi. Sabina, naye binti mdogo tu, akavaa viatu vya mama. Alipika, akafua, akaenda vikao vya wazazi shuleni na kusaini kwa mkono wake. Mwalimu mmoja alimuuliza kwa nini asije mama. Akajibu, "Ndiye mimi."

Alisoma huku analea. Wadogo walipokua kidogo, akapata ufadhili, akaenda Uturuki, mjini Konya, kusomea saikolojia na ushauri nasaha. Utafiti wake ulihusu dada mkubwa katika familia: anabeba nini, na nani humshauri yeye anapochoka. Kule alikuta hata muuza mikate anamwita mwanamke aliyemzidi umri "abla", yaani dada, na neno hilo lina heshima na mzigo ndani yake. Akasema haya mambo nayajua, kwetu yapo. Akaomba kulinganisha. Akarudi nyumbani kuhoji madada wa Iringa na wa Usangu, na huko Usangu ndiko alikomkuta Mbuke, Msukuma aliyeshuka na familia na mifugo kutoka kaskazini. Mbuke alipokwama kwenye Kiswahili alitafsiriwa na mdogo wake, daktari wa mifugo, Bujiku. Mahojiano yaliisha, kutafsiri hakukuisha. Leo Sabina ana ofisi ya ushauri nasaha Mlandege, mjini Iringa, na wanandoa wa mji mzima wanapanga foleni kumlilia.

Na chumvi? Chumvi aliitoa kulekule. Waturuki siku ya posa, binti huwapikia wageni kahawa, na ya muoaji huitia chumvi. Akiinywa yote bila kukunja uso, basi huyo ana kifua cha ndoa. Sabina alimsimulia Bujiku zamani, wakacheka wote. Alidhani atamfurahisha.

Shangazi Faustina aliingia jikoni kilemba kikiwa upande.

"Elimu ya Uturuki hiyo! Unasuluhisha ndoa za watu, yako umeitia chumvi kabla haijaiva. Kwa umri huo nani mwingine atakuja? Haya, subiri Mturuki."

Lea akafungua mdomo. Sabina akamzuia kwa jicho.

"Shangazi, nimekusikia," alisema. "Nikimaliza kurekebisha nitakujibu."

Hakulia mbele yake. Alikuwa na kiburi kizuri, kile cha mtu aliyezoea watoto kumwangalia usoni ili wajue kama kuna chakula. Alitoka nyuma ya nyumba, akafuta macho huko, akapiga simu. Bujiku akapokea kwa sauti ya chini.

"Sabina, tumefika lodge, huku mjini Mlandege. Hataki kusikia. Nimemwelezea habari za Waturuki, ananiambia Waturuki wanaingiaje kwenye kikombe chake."

"Kwa nini hukunywa, Bujiku? Ilikuwa ya kwako!"

"Sijawahi kunywa kabla ya dada. Tangu nikiwa mtoto. Mkono wenyewe ulienda."

Hicho ndicho Sabina alichompendea huyu mwanaume, na ndicho kilichomponza.

"Anasema nini sasa?"

"Kesho tunapanda basi, tunarudi. Na Sabina... nisikudanganye. Nakupenda, unajua. Lakini yeye ndiye aliyenibeba mgongoni. Asipobariki, mimi siwezi kuoa nikatulia. Nitakuwa nimekuoa nusu."

"Sijakuomba uchague kati yetu. Mwanaume anayemtupa dada yake kwa ajili yangu, kesho atanitupa kwa ajili ya mwingine. Namtaka mwenye dada yake."

"Utafanyaje?"

"Usimwambie kama nakuja."

Akakata. Baada ya muda simu ikatoa mlio wa ujumbe.

*Lete na mandazi. Hasira yake huwa inaanzia tumboni.*

Sabina akacheka bila kupenda. Akajibu: *Nalea watoto wangapi mimi?*

Jua lilikuwa bado juu aliposhuka kwenye bodaboda mbele ya lodge. Mkononi alikuwa na kikapu. Bujiku, aliyekuwa kwenye benchi la nje, alisimama. Sabina akampita akimgusa bega, akagonga mlango.

"Nani?"

"Sabina, dada."

Komeo likalia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umekuja kuniongezea?"

"Nimekuja kunywa ya kwangu."

Akaingia, akaketi chini kwenye mkeka, Mbuke akiwa kitandani. Akatoa chupa ya chai, kikombe, na kopo. Akamimina. Akafungua kopo, akachota chumvi kijiko kimoja cha kujaa, akatia. Akachota cha pili.

"We mtoto, unafanya nini?"

"Ukiona nimekunja uso, kesho panda basi, sitakuita tena."

Akanywa. Hakunywa kwa kuonja, alikunywa kama anakunywa maji. Koo lilikataa, yeye akalilazimisha. Machozi yalijaa machoni, lakini uso haukukunjika hata kidogo. Alipogeuza kikombe chini kuonyesha kimekwisha, Mbuke alikuwa amesimama bila kujijua.

"Utajiua, bhana! Bujiku! Lete maji!"

Maji yakaja kwa kasi ya ajabu, kwani mleta maji alikuwa ameegemea mlango. Mbuke akayapokea, akamfungia mlango usoni.

"Kunywa. Halafu uniambie, kichaa hiki umekipata kwa nani?"

Sabina akanywa, akakohoa, akaeleza. Kahawa, chumvi, muoaji, kifua cha ndoa. Mbuke alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ulikuwa unamjaribu mdogo wangu."

"Mzaha, dada. Sikuwaza kama kikombe kingefika kwako."

"Hapo ndipo uliponiudhi zaidi ya chumvi." Mbuke akakaa tena, sauti ikashuka. "Hukuwaza? Ulikaa kwangu juma zima. Ukaniuliza mpaka nani anaanza kula. Nikakwambia huyu mtoto hali kabla yangu, hanywi kabla yangu, sijamfundisha mimi, alianza mwenyewe baada ya kuniona nalala na njaa. Nilisema nikalia. Ulikuwa unarekodi. Hukusikia?"

Msomaji wangu, hapo Sabina ndipo alipokunja uso. Ukurasa ule wa Mbuke na chakula ndio ambao walimu wake wa Konya waliusifu kuliko zote. Aliuandika vizuri, akausahau vizuri.

"Nilisikia," alisema. "Nikauandika, nikaona nimemaliza kazi. Nisamehe, dada. Nilikusoma wewe kama somo, na wewe ulikuwa unanipa habari za nyumba yangu."

Mbuke alitazama dirishani, barabarani watu wakipita na vikapu vya sokoni.

"Na lingine," akasema. "Bujiku alinisomea hiyo kazi yako. Nimetafuta jina langu, sikulikuta. Umeniita mhojiwa wa saba."

"Ni utaratibu wetu. Tunaficha majina ili mtu asiaibike."

"Nani kakwambia nimeaibika? Nimepokea mtoto ananyonya, mama yetu amekufa njiani tunahama na ng'ombe. Nimemnywesha maziwa kwa kidole. Nimekataa mchumba, mwenye ng'ombe kweli, kwa sababu alisema mtoto abaki. Leo mtoto huyo akiingia kwenye zizi la watu, wanasimama, daktari amefika. Hilo ni la kuficha? Mi nakwambia, ng'ombe aliyeibwa ndiye anayefichwa. Hao Waturuki wangejua naitwa Mbuke wangepungukiwa nini?"

Sabina alianza kucheka. Alicheka mpaka machozi ya chumvi yakachanganyika na ya kweli. Mbuke akajizuia, akashindwa, naye akacheka, kifua kikubwa kikitikisika. Nje, Bujiku alisikia wanawake wawili wanacheka, akaogopa kuliko waliponyamaza.

Walipotulia, Mbuke akachukua andazi, akalimega.

"Nikwambie ukweli, ng'wanone, mwanangu?"

"Niambie."

"Sababu ya kurudi nyumbani nilikuwa naitafuta tangu Makambako. Basi likipita pale, baridi ikaniingia, nikawaza: nampeleka huyu mtoto kwa mwanamke aliyesoma. Nikirudi Usangu, nani atasubiri mimi ninywe ndipo anywe? Ile chumvi ilinipa sababu. Hata ungetia asali ningesema ina nyuki."

Sabina akasogea mpaka miguuni pake.

"Na mimi nikwambie wangu. Lea anamaliza chuo. Anord ana mke. Asubuhi naamka mapema kuwapikia uji watu wasiokuwepo. Watu wanakuja ofisini kwangu nawaambia achieni watoto wakue, jioni nampigia Anord kumuuliza kama amevaa sweta. Nilimkimbia Bujiku muda mrefu nikisema wadogo zangu bado wananihitaji. Uongo. Mimi ndiye niliyekuwa nawahitaji."

"Kumbe tuko wawili."

"Tuko wengi, dada. Nimewahoji."

Mbuke akampa nusu ya andazi. Sabina alitaka kusubiri, mkuu aanze. Mbuke akatikisa kichwa.

"Tuanze pamoja. Tumechoka kungoja, mimi na wewe."

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Baada ya misa, wageni walirudi Kalenga, Mzee Jailos mbele, anatembea kwa madaha ya mshenga aliyefufuka. Mlangoni akapaza sauti kusalimia.

"Kamwene!"

"Kamwene!" wenyeji wakaitikia, na Mzee Liberatus akatoka mwenyewe kumshika Mbuke mkono.

"Mama, jana ulimi wa nyumba hii uliteleza. Tusamehe."

"Yameisha, baba. Tumeshayamaliza wenyewe kwa wenyewe."

Faustina alikuwa kwenye kiti chake kilekile, kitenge kingine kipya. Posa ikaenda vizuri. Maneno yakapokewa, yakajibiwa, watu wakataniana. Ikafika zamu ya mkaja. Mzee Jailos akafungua mfuko, akatoa doti la khanga, jipya, bado halijakatwa, pande zote mbili zimeshikana kama lilivyotoka dukani.

"Huu ni mkaja. Tunaomba mama wa binti ajitokeze tumfunge."

Faustina akashusha pumzi, akainuka, akajinyoosha kiuno tayari kwa kufungwa.

"Samahani," Mbuke alisema. "Naomba kuuliza kidogo. Mkaja si wa aliyelea?"

"Ndivyo," Jailos akajibu.

"Nani kamlea Sabina?"

Faustina akatabasamu kwa shida.

"Mama yake hayupo. Mimi ni shangazi. Damu ni damu."

"Sawa, mama, sijakataa damu. Nauliza nani alikuwa anaamka usiku wakiumwa."

Lea hakuweza kuvumilia. Akatokeza kwenye pazia na sinia mkononi.

"Ni dada! Ni dada Sabina! Alijilea mwenyewe na sisi akatulea. Shangazi tulimwona kwenye msiba wa mama, na tena kwenye posa hii."

"We mtoto funga mdomo!" Faustina akageuka kwa Jailos. "Mshenga, umewahi kuona wapi binti akapokea mkaja wake mwenyewe? Kwani kajizaa?"

Jailos akajikuna kichwa.

"Nimepeleka posa nyingi, ndugu zangu wanyalukolo. Hili kweli sijaliona."

Mzee Liberatus alikuwa ameinamisha kichwa. Alipokiinua, sauti yake ilikuwa ya mtu anayebeba gogo.

"Acha niseme, kwa sababu hii nyumba ni yangu, ingawa nilikuwa naishi humu kama mgeni. Mke wangu alipofariki, nilirudi Mgololo kazini. Mwisho wa mwezi nikifika, nakuta watoto wamekula, wamenyolewa, nguo zimepigwa pasi. Nakaa, naletewa chakula na Sabina. Nakula, naondoka. Sikuwahi kuuliza yeye amekula saa ngapi. Nilijivuna kwa watu, nikasema wanangu wanajitunza. Uongo. Walikuwa wanatunzwa." Akamgeukia dada yake. "Faustina, wewe ni damu yangu na kiti hicho ni chako siku zote. Lakini mkaja huu ukifungwa kiunoni kwako, mimi nitakuwa nimemwibia mwanangu mchana kweupe. Lea, mwite dada yako."

Sabina alikuwa nyuma ya pazia, hakuhitaji kuitwa. Alitoka. Hakufunikwa uso, hakuinama kama maharusi wanavyofundishwa. Alisimama katikati ya sebule, na Mbuke akamzungushia doti kiunoni, akafunga fundo.

"Wabeja, mayu," Mbuke alisema. Kisha akakumbuka kutafsiri. "Asante, mama."

Miaka yote ile hakuna mtu mzima aliyewahi kumwita Sabina mama kwa kumshukuru. Alidhani yuko tayari. Hakuwa tayari. Alilia waziwazi, kichwa juu, mbele ya shangazi yake na wazee wote, na hakuna aliyethubutu kumwambia anyamaze.

Alipomaliza, akafungua fundo. Watu wakashtuka.

"Lea, niletee mkasi."

"Unafanya nini tena?" Faustina akauliza.

"Doti lina vipande viwili, shangazi. Wazee, naomba ruhusa. Mkaja huenda kwa mama wa binti, najua. Mama wa kijana huwa hapewi kitu, anaambulia kuachiwa nyumba tupu."

Akakata katikati, pale khanga mbili zinaposhikana. Kipande kimoja akajifunga mwenyewe. Cha pili akapiga goti, akamzungushia Mbuke kiunoni.

Mbuke, mwanamke aliyevusha ng'ombe mito na hakuyumba, alishika ukuta.

"Mshenga," Mzee Liberatus akauliza, "na hili umewahi kuliona?"

"Bado. Lakini nikiulizwa nitasema ndiyo desturi."

Sebule ikaangua kicheko. Hata Faustina alicheka kwa pua, akarudi kukaa. Sabina akamwendea, akampigia goti na yeye.

"Shangazi, jana nilisema nitakujibu. Jibu ni hili: harusini nataka wewe unishike mkono unitoe nje. Nafasi yako ipo, haijaenda kokote."

Faustina akamrekebishia Sabina fundo la khanga.

"Unafunga vibaya," alisema, na sauti ilikuwa imelowa.

Mzee Liberatus akakohoa. Likabaki lile swali la mwisho, ambalo binti wa watu huulizwa mbele ya wageni, na jibu lake ndilo linalokubali au kukataa posa. Kwa kawaida binti hulijibu kwa sauti ya kunong'ona, neno moja tu, akatimua mbio.

"Sabina mwanangu. Wageni hawa unawafahamu?"

Sabina alitazama wazee mmoja mmoja. Akamtazama Bujiku, aliyekuwa amekaa kwenye ukingo wa kiti, jasho likimtoka kwenye baridi ya Iringa. Kisha akamshika Mbuke mkono.

"Nawafahamu, baba. Huyu anaitwa Mbuke. Alipokea mtoto anayenyonya akamfanya mwanaume anayejua kuheshimu mwanamke. Mwanaume mwenyewe yule pale, anaitwa Bujiku, nampenda. Nawataka wote wawili."

Kigelegele cha kwanza hakikutoka kwa wenyeji. Alikipiga Mbuke, kile cha Kisukuma, kirefu, mpaka kuku uani wakatawanyika. Lea akakidaka, Faustina akakidaka, Mzee Jailos akapiga makofi kama vile kila kitu alikipanga yeye.

Bujiku, ambaye kwa siku mbili hakuna aliyemuuliza maoni yake, akainuka.

"Na mimi naruhusiwa kusema kitu?"

Wanawake wawili waliofunga doti moja wakageuka pamoja.

"Kaa chini, baba," Mbuke akamwambia. "Mama zako wanaongea."